Saa ya Wissa

Wateja wa kiwanda chetu cha mikate hapa Minya, Misri, walikuwa wakinuna kila walipouona msalaba wa tatuu, alama yetu Wakristo wa Kikopti, kwenye kifundo cha mkono wa kulia wa Wissa, mkanda unga wetu. Bosi akampa saa pana: "Ufunike, au uache kazi."

Kesho yake Wissa alikuja ameivaa. Mimi, Mkristo mwenzake, roho iliniuma. Lakini mbona ameshusha mikono ya shati mpaka vidoleni, na joto lote hili la tanuri?

"Wee Wissa, umeuonea haya msalaba?" nikamchokoza. Akacheka tu.

Bosi alipotokea, Wissa akakunja mikono ya shati ili akande unga. Mkono wa kushoto ulikuwa na msalaba mpya, bado umevimba.

"Saa nzuri, bosi," akasema. "Unayo nyingine?"