Taa Iliyozimika Kwenye Mzani

Mimi Hosiana sina subira, na taa zangu nazo hazina. Ukitulia dakika mbili bila kujitikisa, zinazima. Ndivyo nilivyozipanga katika ofisi ya Mama Raudha hapa Katoro: chumba kimoja kisicho na dirisha, meza sita, wapangaji sita, na kila anayetoka anamwachia mwenzake kazi ya kuzima. Umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, ulikuwa haukai! Nikafunga taa zinazomwona mtu akisogea, hazina swichi ukutani, naziamuru kwa simu. Tulipatana na Mama Raudha kwamba wiki ikipita bila malalamiko, ananipa na kazi ya ghorofa ya juu yote. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza bila kusimamiwa na fundi mwingine.

Siku ya saba asubuhi, Mama Raudha akaja kukagua. Nyuma yake akaingia Benjamini, mchimbaji wa Nyarugusu, na dhahabu yake kwenye kikaratasi. Akaenda kwa mzee Makoye, mpangaji anayenunua dhahabu. Makoye akafungua sanduku la mzani, akaiweka, akapaza sauti: "Tulieni!"

Mzani ule husikia hata pumzi. Feni ikazimwa. Rhoda mpiga chapa akainua vidole juu ya kibodi. Siku nyingine namba hutulia upesi; leo barabarani malori yanapita, namba zinacheza, zinagoma kusimama, na sisi tumeganda. Mara giza!

"Mnaniibia!" Benjamini akaulalia mzani.

"Hosiana!" Mama Raudha alifoka. "Zing'oe leo hii!"

"Shikamoo Mama, naomba—"

"Shikamoo haiwashi taa!"

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikajikasirikia mwenyewe. Nilipima kuta zote, sikuuliza watu humu wanafanyaje kazi.

Makoye akapunga mkono, taa zikawaka. "Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma, "niwekee kitufe, nitakuwa nawasha mwenyewe."

"Na kuzima je?" Mama Raudha akamdaka. "Wewe uliyesahau pikipiki sokoni ukarudi kwa miguu?"

Watu wakaangua kicheko, Makoye mwenyewe akiongoza.

"Na mzani, mzee?" nikauliza. "Umewahi kusahau kufunga sanduku lake?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Mke nitamsahau, mzani thubutu!"

Basi! Mkobani nilikuwa na kifaa kidogo cha betri, nilikikusudia mlango wa stoo. Mlango ukiwa wazi, kinaiambia taa isizime. Nikakibandika kwenye kifuniko cha lile sanduku, nikabonyeza simu, nikarudi nyuma.

"Tulieni!"

Dakika ya kwanza. Ya pili. Nilisali hata midomo sikuichezesha. Ya tatu, namba zikasimama, taa zinawaka pwaa!

"Haya, hiyo ndiyo yangu!" Benjamini akacheka meno yote nje.

"Wabeja, mayu!" Makoye akanishukuru, akafunga sanduku, tukatoka wote kwenda kunywa chai. Wote isipokuwa Mama Raudha. Alibaki katikati ya chumba, amesimama wima kuona kama taa bado zinajizima, maana yeye hadanganywi. Tukamchungulia mlangoni. Taa zikazima moja baada ya nyingine mpaka tusimwone.

Kisha gizani mle vikapasuka vigelegele vya mtu mmoja, na furaha ikanipanda hadi machozi yakanitoka.

"Fundi!" akaita. "Huko juu unaanza lini?"

Nilikuwa nimeshafika nusu ya ngazi.