Boti ya Baba Mkwe

Kaka yangu ana aibu za ajabu. Kukaa sebuleni siku nzima akisubiri mkewe amletee chai, haoni aibu. Lakini kumwomba baba mkwe ukaguzi mpya wa boti anayouziwa, hapo uso unamshuka.

"Mkwe hakaguliwi, dada," aliniambia. "Nitaonekana namwita mwongo."

Mkwe mwenyewe alitoa cheti cha ukaguzi kilichotiwa plastiki, cha zamani mno hata boti ya kwenye picha yake ilikuwa na rangi nyingine. Kaka akakipokea kwa mikono miwili, akainama. Nilitamani kumzaba kofi. Wifi yangu alikuwa ameuza saluni yake, viti na vioo vyote, ili boti hiyo ivushe abiria na kulisha watoto wao. Kaka yangu, bwana mkubwa, yeye anapima mbao kwa heshima!

Siku ya kukabidhiana tulikwenda gatini. Boti ilikuwa imepandishwa juu ya magogo, imepakwa rangi ya bluu ambayo bado ilinata. Baba mkwe alivaa koti. Jua lote lile, mtu anavaa koti kuuza boti.

"Mwanangu, hii ni mali ya familia," alisema, na kaka akaitikia kwa kichwa kama mjusi.

Ndipo wifi akatokea na mkaguzi. Kamwita mwenyewe, hakumwambia mtu. Kaka akamvuta pembeni.

"Unanidhalilisha mbele ya baba yako!"

"Kwako ni mkwe," wifi akamjibu. "Kwangu ni baba. Namjua."

Mkaguzi akaanza kazi mara moja. Alizunguka akigonga mbao kwa mpini wa bisibisi, akafika nyuma, chini ya injini, akageuza bisibisi na kusukuma ncha yake. Ikazama yote kama kwenye ndizi iliyoiva. Alipoichomoa, maji meusi yakafuata.

"Labda ni unyevu tu," kaka akasema, bado anamtetea mkwe wake. Nikamwambia afunge mdomo.

Wifi akamgeukia mzee. "Baba, Jumapili tungewapakia watoto humu. Wajukuu wako."

Mzee akaudhika kwelikweli, kama mtu aliyesingiziwa.

"Wajukuu wangu?" akasema. "Hao ningewapigia simu wasipande."