Pipa Jipya la Wanzuki

Pipa lilifika Itetemia siku ya Jumanne, limefungwa maboksi na kamba tele, na Benedikta akalichukia kabla hajalifungua. Kaka yake Nestory ndiye aliyelituma kutoka Mwanza. Nestory, kama walivyo watoto wengi wa kiume wanaoishi mbali na mama zao, alikuwa hodari wa kutuma vitu. Safari hii alituma pipa la stenlesi la lita sitini, lenye koki chini na kifuniko cha kubana, lichukue nafasi ya mtungi wa mama uliovunjika mwezi wa sita.

Mtungi aliuvunja mama mwenyewe. Aliukuta jikoni, akauliza ni wa nani, akaunyanyua autoe nje, ukamponyoka. Yeye aliyepika wanzuki, pombe yake ya asali, katika mtungi ule miaka arobaini alisimama pale juu ya vigae akiomba radhi kama mgeni aliyevunja kikombe cha watu. Na kwa kweli mgeni ndivyo alivyokuwa siku hizi. Kila asubuhi Benedikta alimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitika marahaba vizuri kabisa, maana marahaba haikupotea, kisha akauliza, "Na wewe binti, umetoka wapi?"

Mara moja tu alirudi, siku ya Pasaka. Benedikta alimpa kikombe cha wanzuki, mama akaonja, akakunja uso, akasema, "Benedikta, asali umezidisha. Nimekwambia mara ngapi?" Wakakaa saa nzima wakizungumza, mama na mwanawe, habari za kwao Kigwa, za marehemu baba, za mbuzi aliyekula kanga ya harusi. Halafu akaondoka tena. Tangu siku ile Benedikta hakutaka kitu kingine duniani: apike wanzuki ileile, mama aonje, apate saa nyingine moja. Hata akigombezwa tena kwa ajili ya asali, sawa.

Sasa, pipa. Aliliosha kwa sabuni, akapitisha kitambaa cheupe ndani, kikatoka cheusi. Akaosha tena, kikatoka cheusi. Jumatano ikaisha hivyo. Alhamisi alijaribu majivu, akasuuza ndoo kwa ndoo, na kitambaa kikatoka na weusi uleule unaonuka gereji. Akaketi chini uani akalia, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, analilia uchafu wa pipa.

Jirani yake Najiat, ambaye familia yao imeuza masufuria sokoni Tabora tangu enzi za babu, alichungulia juu ya ua.

"Jirani, unaosha au unapigana?"

Akazunguka, akaingia, akainamisha kichwa pipani na kunusa. "Hii ni grisi ya kiwandani. Wanang'arishia chombo halafu inaganda kwenye maungio. Sabuni peke yake haiiwezi. Pakaza kwanza mafuta ya alizeti, yaache yailainishe, ufute. Kisha magadi na maji ya moto. Mwisho ndimu. Ila waya wa kusugulia usiuguse, utalichubua lishike kutu. Tafuta kitu laini."

"Asante, dada."

"Usinishukuru. Mimi nimekuelekeza kusafisha chombo. Utakachopika humo utajibu mwenyewe kwa Mungu."

Wakacheka. Ijumaa Benedikta alifuata maelekezo yote, na jioni kitambaa kilitoka cha kijivu. Weusi ulikuwa umebaki chini tu, kwenye maungio. Kwa mara ya kwanza tangu mtungi uvunjike alilala vizuri.

Chachu ya mama haikuwa ya kununua dukani. Ilikuwa tunda la mwegea lililomenywa na kuanikwa hadi likabaki nyuzi tupu. Ukiliona utadhani dodoki la kuogea. Ukilitumbukiza katika maji ya asali, kesho yake yanatokota bila moto. Ukimaliza unalitoa, unalianika, unalitundika juu ya meko hadi siku nyingine. Likianza kuchoka, unalilaza pamoja na jipya katika maji hayohayo, na jipya linashika chachu. Hivyo ndivyo mama alivyolipata kwa mama yake kule Kigwa, na yule kwa mama yake, aliyewauzia wanzuki wapagazi wa misafara. Sharti lilikuwa moja: lisiguswe na sabuni. Benedikta akiwa mdogo alilisogezea tu beseni la kufulia, akazabwa kofi ambalo hajalisahau mpaka leo.

Jumamosi asubuhi alilishusha, akaliweka juani kwenye ungo, kando ya beseni la sabuni na magadi, pamoja na jipya alilolikausha mwezi mzima. La zamani lilikuwa limechakaa, na safari hii ndiyo ilikuwa zamu ya kuyalaza pamoja. Mama alikuwa bado amelala. Ndimu zilikuwa zimekwisha. Akatoka mara moja kwenda gengeni.

Hata robo saa haikufika. Aliporudi alisikia kitu kinasuguliwa. Mama alikuwa amepiga magoti uani, mkono mzima ndani ya pipa, povu hadi kiwikoni. Benedikta akatazama ungo. Tunda moja lilikuwa bado pale. Akalisogelea akimwomba Mungu liwe la zamani. Lilikuwa jipya, gumu, halijawahi kuonja asali.

Mama akatoa mkono. Tunda la zamani lilikuwa jeusi tii, linachuruzika povu na magadi. Alikuwa amechagua lililo laini, kama mtu anayeijua kazi.

Benedikta alitaka kumpokonya. Alitaka kupiga kelele mtaa mzima usikie. Lakini mama alikuwa na furaha usoni, furaha ambayo haikuonekana pale nyumbani tangu Pasaka.

"Lete kitambaa," mama aliamuru.

Akampa. Mama akakipitisha pande zote, akakandamiza chini kwenye maungio, akakitoa. Kilikuwa cheupe.

"Umeona? Nyie watoto wa siku hizi hamna mikono."

Benedikta alilichukua lile tunda, akalisuuza maji mara saba, akalinusa. Sabuni na grisi. Chachu ya Kigwa ilikuwa imekufa, na saa yake moja ilikuwa imekufa nayo, na hakuna wa kumlaumu ila yeye aliyeacha ungo karibu na beseni. Machozi yalimtoka naye hakuyafuta.

Mama alijikausha mikono kwa kanga, akamsogelea, akashusha sauti.

"Binti, nikuombe kitu. Benedikta akirudi, mwambie pipa nimemsafishia mimi. Amehangaika nalo siku nyingi. Nilikuwa namsikia analia."

"Nitamwambia, mama."

"Usisahau."

"Sitasahau," alisema Benedikta, akamshika mkono wakaingia ndani.