Kikombe cha Mchana wa Ramadhani

Nilikuwa dukani kwa Amjad, huku Muyeye, nanunua tambi za futari, nikasikia mwanamke mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake: "Yule golikipa wa timu ya kina dada, mtoto wa Bi Nana, kakimbia kupimwa. Anatumia unga."

Bi Nana ni mimi. Nililipa, nikasahau chenji, nikaenda zangu. Maneno yale yakanifuata mpaka jikoni.

Hapa kwetu ukisema mtu anatumia unga, umeshamzika. Kila mtaa una vijana wake waliolala barazani mchana, mate yanawatoka, mama zao wamechoka kulia. Mwanangu Shahida hata Ramadhani hukimbia mchangani kabla ya daku, na leo watu wamemtia kundi lile. Kwa nini? Kwa kikombe cha mkojo.

Nawaandikia kina mama wenye mabinti wanaocheza mpira wa kulipwa. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu.

Shahida aliajiriwa na timu ya Bwana Harsh, mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mkataba ulikuwa kurasa kumi na moja, Kiingereza kitupu. Nikamwambia, "Tia sahihi mwanangu, wasije wakabadili nia." Akatia. Hatukujua ndani mna kifungu: mfanyakazi ataitwa kupimwa dawa siku yoyote, saa yoyote, na akiondoka kabla ya kumaliza, basi amekataa, na kukataa ni sawa na kukutwa nazo.

Mfanyakazi! Wakitaka mkojo wake, ni mfanyakazi. Alipovunjika kidole akidaka penalti, akawa dada yetu mpenda mchezo, akajitibu kwa pesa zake.

Siku yenyewe ilikuwa ya kumi na nne ya mfungo. Saa nane mchana, wametoka mazoezini, jua la kupasua kichwa. Nesi aliyeletwa na ofisi, anaitwa Lynn, akampa kikombe chenye mstari. Mtoto kafunga, hajatia tone mdomoni tangu alfajiri, na maji yote ya mwili yametoka kwa jasho. Alichotoa hakikufika nusu ya ule mstari.

Meneja wa timu, Eugene, akamletea chupa ya maji. "Kunywa hii umalize, twende nyumbani."

"Nimefunga, kaka."

"Mungu wako ataelewa. Kompyuta yangu ndiyo haitaelewa."

Ona mtu anavyomsemea Mungu, kisa anataka kuwahi nyumbani!

Yule nesi simlaumu sana. Alisema ipo fomu: Shahida aandike sababu, atie sahihi, arudi jioni. Shahida akanipigia simu kuniuliza, na hapo ndipo nilipoharibu mimi. Nikamwambia, "Usiguse karatasi yao yoyote! Toka hapo, njoo ufuturu, unywe maji, kisha urudi uwajazie ndoo nzima." Mimi niliyemhimiza kutia sahihi kurasa kumi na moja bila kusoma, siku hiyo ndiyo nikawa hodari wa kukataa karatasi moja.

Akarudi baada ya magharibi, kanywa mpaka tumbo linacheza. Ofisini kufuli. Alisubiri mpaka adhana ya isha, hakuja mtu. Asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu: kazi imekwisha, amekataa kupimwa. Adhuhuri haijafika, habari iko dukani kwa Amjad. Nani aliipeleka? Ati hayo ndiyo mambo ya siri baina ya mwajiri na mwajiriwa.

Kesho yake nikaenda ofisini. Nikamkuta Eugene, macho mekundu, shavu limejaa muguka, yale majani ya kulevya ya kutafuna, kama mtu mwenye jino bovu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ulipimwa lini?"

"Mimi si mchezaji, mama."

"Mkataba unasema mfanyakazi. Wewe umewekwa hapo kama kabati?"

Akacheka, akatema majani kwenye pipa. "Mama, hii ni mboga tu."

Bwana Harsh akatoka chumba cha ndani. Yeye ana adabu ya dukani: anakupa kiti kwanza, kisha anakukatalia. Akasema Shahida atarudishwa kazini akitia sahihi barua, akiri kwamba alikataa kupimwa na aombe radhi.

"Hakukataa. Alikuwa amefunga."

"Bi Nana, ni karatasi tu."

"Hata ile ya kwanza mlisema ni karatasi tu."

Nikaichukua barua, nikampelekea. Shahida hakuisoma mara mbili. "Nikitia sahihi hapa, Mama, nimeyakubali maneno ya dukani." Akaikunja, akanirudishia.

Tukaenda hospitali wenyewe. Akapimwa, hana kitu. Cheti nikampa Amjad akibandike kwenye kioo cha duka. Yule mwanamke wa mwanzo akasimama akakisoma chote, akasema, "Si alingoja zimtoke mwilini."

Ningeweza kukomea hapa, lawama zote ziwe za Eugene na tajiri wake. Lakini siku ile niliyotoka na tambi dukani, kabla sijamuuliza mwanangu neno lolote, yeye akiwa anaoga, nilifungua begi lake. Nikapekua soksi na glavu, nikanusa hata poda yake. Akatoka akanikuta mkono umo ndani mpaka kiwiko.

Siku hizi anadakia timu ya mtaani kule Mambrui, bila malipo. Akirudi, kabla hata ya kunisalimu, huweka begi mezani, hufungua zipu yote, kisha husimama pembeni kungoja. Nimemwambia aache. Haachi.

Basi jiepusheni na haya:

Kumhimiza mwanao atie sahihi mkataba ambao hakuna nyumbani aliyeusoma.

Kutoka chumba cha kupimia bila kuandika sababu na kubaki na nakala.

Kukataa fomu kwa hasira ya mama aliye kwenye simu.

Timu inayopima wachezaji na kuwaacha wa ofisini.

Kukiri kosa usilolifanya ili urudishiwe kazi.

Kubandika cheti cha mwanao dukani. Wanaotaka kusema watasema.

Kufungua begi lake kabla ya kumuuliza.