Kinyozi Aliyeacha Biskuti

Mtu akiacha kitu anachokipenda, hulalamika. Fundi alilijua hilo vizuri, maana aliwahi kumwona marehemu baba yao akiacha tumbaku, na nyumba nzima ikakosa usingizi pamoja naye. Kwa hiyo mdogo wake, Kinyozi, alipoambiwa na daktari aache biskuti, akaziacha kimya kimya bila kununa wala kugombana na mtu, Fundi hakufurahi. Alianza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Fundi alikuwa mwanamke wa makochi. Kazi yake ilikuwa kuvua viti nguo kuukuu, kubadilisha sponji, kukaza mikanda na kuvivika upya, na mtaa mzima ulimwita hivyo, Fundi. Duka la kunyolea la mdogo wake lilikuwa ubavuni mwa karakana yake. Ukuta uliowatenga ulikuwa wa mbao tu, hata mashine ya kunyolea ikinguruma upande huu, misumari ilicheza mezani upande ule. Walizaliwa wawili tu, na tangu utotoni hapakuwa na siri kati yao iliyowahi kulala mpaka asubuhi.

Biskuti zenyewe zilikuwa za tangawizi, nene, zenye chembe za sukari juu, zikiokwa na duka la mikate la pale kona. Kinyozi alizipenda mpaka wateja wakawa wanamtania kwamba ukitoka kwake, makombo shingoni ni mengi kuliko nywele. Daktari alimwambia sukari yake haijawa ugonjwa, lakini imeshafika mlangoni na inabisha hodi. Kama hataki kuikaribisha, apunguze vitamu, atembee, na njaa ya kati ya milo aitulize kwa matunda na karanga.

Mke wa Kinyozi aliuza katika duka la dawa, na maneno ya daktari hayakuwa mageni kwake. Siku ile ile alisafisha kabati. Biskuti zikatoka, zikaingia karanga zisizo na chumvi, karoti, matango na machungwa. Fundi naye, ili kumuunga mkono wifi yake, aliondoa kopo la biskuti lililokuwa karakanani na mahali pake akaweka bakuli la karanga.

Wifi akawa anamchoma mumewe kidole kila asubuhi na kusoma kipimo. Kipimo hakikushuka. Kilikaa pale pale kama mgeni asiyejua kuaga, na asubuhi nyingine kilipanda.

Ndipo wifi alipoanza kupita karakanani bila sababu. Alikuja kuuliza bei ya kitambaa ambacho hakukitaka. Aliinua vipande vya sponji na kuchungulia chini yake. Siku moja alichota karanga bakulini, na Fundi akaona vidole vyake vinateremka mpaka chini kabisa, vinapapasa, kana kwamba karanga zilikuwa blanketi na kuna mtu amelala ndani.

Baadaye alikuja akiwa bado amevaa koti lake jeupe la dukani. Aliketi juu ya kochi lililovuliwa nguo, springi zake zikalia. Alizunguka mbuyu kwa muda mrefu, akazungumzia joto, akazungumzia jirani aliyehama.

"Wifi," alisema mwishowe, "kama kuna kitu unampa mdogo wako, niambie. Sitagomba."

"Kitu gani?"

"Unakijua. Nyumbani hakipo. Na mume wangu hapiti popote isipokuwa hapa."

Fundi aliweka nyundo chini. Alisema hajampa hata punje, na kwamba kama ni kumtafuta mchawi, utafutaji uanzie jikoni kwa mwenyewe, maana apikaye ndiye ajuaye kilichomo chunguni. Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Wifi alinyanyuka, akajipangusa vumbi la sponji, akaaga kwa adabu iliyokuwa baridi kuliko tusi.

Tangu hapo wakawa wanasalimiana kama watu wa pande mbili za kesi. Fundi alisikia kwamba wifi amemuuliza mwenye duka la mikate kama yule mwanamke wa makochi bado ananunua. Naye akaanza kumdhania wifi mabaya. Labda chai ya asubuhi inatiwa sukari kwa mkono mzito. Labda ni yeye mwenyewe anayefakamia biskuti na kumlegeza mumewe. Kila alipomkuta mdogo wake akamuuliza, Kinyozi alijibu kwamba kile kipimo kimechoka tu, hata mashine zake za kunyolea huchoka.

Asubuhi moja Kinyozi aliingia kuazima mkasi. Fundi alinyoosha mkono kumpangusa nywele begani, kama alivyozoea, na pua yake ikanasa kitu. Juu palikuwa na harufu ya spiriti. Chini ya spiriti palikuwa na tangawizi.

Alimpa mkasi. Baadaye, wakati Kinyozi amesimama nje akiongea na mteja, aliingia dukani mwake na kuichukua ile brashi laini ya kufagilia shingo. Aliigonga kiganjani. Zilidondoka nywele fupi nyeusi, na katikati yake chembe za sukari.

Basi haikuwa jikoni kwa wifi, na haikuwa kwenye bakuli lake. Mdogo wake alikuwa na mlango wa tatu.

Alianza kukumbuka mambo ambayo hakuyatilia maanani. Mchana, wateja wakipungua, Kinyozi hufunga duka na kusema anaenda kunolesha mashine. Siku hiyo aliposema hivyo, Fundi alichungulia kwenye ufa wa mbao. Mashine zote zilikuwa zinaning'inia kwenye misumari yake. Aliacha kochi la watu likiwa uchi, akatoka na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

Kinyozi hakwenda mbali. Aliingia duka la mikate, akatoka na mfuko wa karatasi, akakata uchochoro na kusimama mbele ya nyumba yenye mlango wa kijani. Hakubisha. Aligusa tu, na mlango ukafunguliwa na mwanamke kijana aliyefunga kitambaa kichwani, ambaye alitabasamu kama mtu aliyekuwa akisubiri. Kinyozi akavua viatu, akaingia. Mlango ukafungwa.

Fundi alisimama pale uchochoroni. Alikuwa amefuata biskuti, akakuta mwanamke. Aliona ndoa ya mdogo wake ikifumuka kama mshono uliovutwa uzi mmoja. Alirudi karakanani na kupigilia misumari mahali pasipotakiwa.

Jioni wifi alipita. Safari hii hakuuliza chochote. Alisema tu kwamba kipimo kimepanda tena, na kwamba Mungu anamwona kila mtu. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Fundi. Sentensi moja tu ingemtoa yeye katika lawama na kumwingiza mdogo wake motoni. Badala yake alimwambia wifi avumilie kidogo, na wifi akamtazama kwa macho yaliyosema kwamba sasa amepata uhakika kamili.

Kesho yake Fundi alisubiri Kinyozi atoke, akampa nafasi ya kufika, kisha akaenda kubisha mlango wa kijani. Yule mwanamke kijana alifungua nusu.

"Nimekuja kupima kiti," Fundi alisema. Ulikuwa uongo wa kwanza uliomjia.

"Umetumwa na nani?"

Kabla hajajibu, sauti ya mdogo wake ilitoka ndani, taratibu, kama ya mtu anayembembeleza mtoto. "Haya. Moja yako, moja yangu. Usinipunje."

Fundi alimsukuma mwanamke kando kwa bega, akaingia.

Chumba kilikuwa kidogo na kisafi. Kitandani, ameegemezwa mito, alikuwepo mzee mwembamba, shavu moja limenyolewa, shavu jingine bado lina povu. Saa za ukutani zilizosimama zilimzunguka pande zote. Fundi alimtambua: Babu Saa, aliyekuwa akitengeneza saa za mtaa kabla ya mikono yake kuanza kutetemeka. Kinyozi aliketi kwenye kigoda, wembe mkono mmoja, biskuti nusu mdomoni. Hakujua aitafune au aiteme.

Yule mwanamke alikuwa binti wa mzee. Ndiye aliyeeleza, kwa kuwa Kinyozi hakuwa na mdomo wa kuongea. Tangu mama yake afariki, baba yake aligoma kula. Alisema kula peke yake ni kama kuongea peke yake. Binti anafua nguo hospitalini usiku, akirudi amechoka mpaka usingizi unamkuta na kijiko mkononi. Kinyozi alikuja mara moja tu kumnyoa, akiwa na biskuti mfukoni. Akala moja, akampa mzee moja, mzee akaichovya kwenye chai na kuimeza. Kilikuwa chakula chake cha kwanza cha siku hiyo. Tangu hapo, kaka huyu akija, baba anakula, na biskuti zikishamfungua tumbo, uji nao unapita.

Fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Aibu na furaha vilimjia pamoja, hata hakujua aanze na kipi.

"Kwa nini hukusema?" alimuuliza mdogo wake.

Kinyozi alimaliza kutafuna. Aliangalia wembe wake.

"Ningesema nakuja kwa ajili ya Babu, na ingekuwa kweli," alisema. "Lakini ni nusu ya kweli, Dada. Asubuhi nikiamka, kitu cha kwanza ninachokifikiria si Babu. Ni biskuti. Yeye amenipa sababu nzuri, nami nikajificha nyuma yake."

Fundi alimwambia sababu ni nzuri na ugonjwa ni ugonjwa, na ni yeye mwenyewe atakayemwambia mkewe, leo leo, kabla jua halijazama. Alimwambia pia kwamba yeye, dada yake, amedhaniwa mchawi kwa ajili ya makombo ya mtu mwingine, na hilo watalizungumza siku yake.

Kinyozi alisema kweli jioni ile. Wifi hakumwamini. Alidai kwamba mzee, binti na mlango wa kijani ni hadithi iliyoshonwa karakanani, na mshonaji anamjua. Hakukuwa na dawa isipokuwa kumpeleka aone. Wakaenda wote watatu, wifi akiwa nyuma, mkoba umebanwa kwapani, akiangalia kila dirisha. Alipoingia na kumwona mzee, alimtazama kwanza binti, kisha mzee, kisha sahani. Alivuta pumzi ndefu na kuiachia. Halafu, kwa sauti ya dukani, akamweleza Babu Saa jinsi sukari ya mumewe inavyokwenda.

Mzee alisikiliza. Uso wake ulibadilika.

"Kwa hiyo nimekuwa nikimlisha mtu sumu," alimwambia Kinyozi, "na wewe unacheka nami. Ungeniuliza. Nimekosa meno, sijakosa masikio."

Alikasirika kweli, akageukia ukuta, na siku hiyo hakula. Kinyozi aliumia kuliko alivyoumizwa na sindano zote za mkewe. Kesho yake wifi alioka biskuti za shayiri na ndizi mbivu, bila sukari. Babu Saa alionja, akaitoa mdomoni kwa heshima zote, akauliza kama farasi mwenye chakula hiki ameshakula. Wakajaribu karanga zilizosagwa, zikamganda kwenye fizi. Hatimaye likaja papai, lililoiva mpaka linakatika kwa kijiko, na hapo mzee akasalimu amri. Kinyozi naye alikula papai lile akiwa na uso wa mtu anayeshuhudia mazishi. Kwa muda mrefu alilalamika nyumbani, dukani, hata kwa wateja wasiomjua, mpaka mteja mmoja akamsihi anyoe tu. Fundi alimsikia kupitia mbao, na moyo wake ukatulia.

Kipimo kilianza kushuka, taratibu, na siku nyingine kikasahau njia.

Wifi hakuomba radhi. Hakuwa mtu wa neno hilo. Lakini alikuja karakanani, akachota karanga za juu juu, akauliza bila kumtazama Fundi, "Na wewe ulinidhania nini?"

"Kwamba unaitia chai sukari kwa mkono mzito."

Wifi alichota karanga nyingine. "Ningekuwa wewe, ningedhani hivyo hivyo," alisema, na wakaachia hapo. Urafiki wao haukurudi siku hiyo wala wiki hiyo. Ulirudi kwa vipande, kama kochi linalotengenezwa kati ya kazi nyingine.

Mchana mmoja Kinyozi alizidiwa na wateja, akamwomba dada yake aende kwa Babu. Fundi alikata papai, wakala kijiko kwa kijiko. Mzee alitazama mlango, akainama karibu naye, akamuuliza kwa mnong'ono kama hakuna hata kipande kimoja cha tangawizi, kwa ajili ya mtu ambaye hatamwambia mtu. Fundi alijikuta anataka kukubali, na akaona jinsi ilivyo rahisi. Badala yake alikwenda moja kwa moja mpaka duka la dawa na kumuuliza wifi yake mbele ya wateja.

Wifi alifikiri, akiwa ameshika chupa ya dawa ya kikohozi.

"Babu hana sukari," alisema. "Ni mwembamba kama mkono wa saa. Mpe. Ila asile peke yake, na asile na mume wangu."

Hivyo ikawa kwamba siku ambazo Kinyozi anabanwa na kazi, Fundi ndiye anayekwenda na biskuti mbili katika karatasi. Yake huila taratibu sana, kwa sababu mzee naye huenda taratibu, na hakuna anayetaka kumaliza kwanza.