Jiwe la Januari na Jicho la Maduhu

Maduhu alikuwa na jicho la kununulia almasi, nalo lilikuwa la kulia. La kushoto, mwenyewe alisema, kazi yake ni kumsindikiza mwenzake. Mji mzima wa Maganzo ulimwamini.

Jumanne ile alikataa mawe matatu kabla ya chai.

"Lina uchafu ndani," akamwambia Januari, mchimbaji wa tatu. "Vidoa vyeusi tupu."

"Baba Nyamizi! Jiwe jeupe kama maziwa hili!"

"Basi maziwa hayo yameingia nzi."

Salvina, mkewe, alikuwa kibarazani na mtoto wao, Nyamizi. Angecheka, ila asubuhi mumewe alirudisha uji, eti una mchanga. Kisha alipunga mkono kufukuza nzi ambao hawakuwepo. Na sasa Maganzo nzima imechimba uchafu siku moja?

Akampakatisha Januari mtoto, akachukua jiwe.

"Litazame kwa jicho la kushoto."

"La kushoto halijui almasi."

"Litajifunza leo."

Maduhu akahamisha lenzi huku akinung'unika. Jiwe lilikuwa safi. Akairudisha kulia: sasa hata jiwe hakuliona, moshi mwekundu tu, kama mtu ameshusha pazia. Wala jicho halikumuuma, alisema, na hilo ndilo lililomtisha Salvina.

"Msimwambie mtu," Maduhu akanong'ona. "Nani atamletea jiwe mnunuzi kipofu?"

"Mimi tayari umenikatalia," akasema Januari. "Nenda hospitali."

Huko Mwanza, daktari wa macho, mama mpole aitwaye Philomena, alimulika, akapiga picha, akapima damu kutafuta kisukari na selimundu. Havikuwepo. Siku ya pili akauliza:

"Uliwahi kuugua kifua kikuu?"

"Daktari, mimi nimeleta jicho."

"Aliugua," Salvina akadakia. "Miaka minne sasa. Dawa alimaliza zote, nilimsimamia."

Daktari akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. Akaeleza kwamba kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, mishipa midogo imevimba na mmoja umevuja damu. Ni ugonjwa adimu uitwao Eales. Hupenda wanaume vijana, na mara nyingine hufuata nyayo za kifua kikuu. La kulia huenda likasafika taratibu. La kushoto nalo limeanza, lakini likipigwa mwanga wa leza mapema lina nafasi nzuri ya kupona.

"Nipe wiki nifikirie," Maduhu akasema.

"Leo."

"Siku tatu."

"Leo."

"Kesho asubuhi, tusiumizane."

"Baba, hapa hakuna bei ya kupunguza."

Maduhu akageukia mlango. Salvina akasimama katikati ya njia, Nyamizi mgongoni.

"Baba Nyamizi, mwanao ana meno mangapi?"

"Mawili."

"Umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Yamebaki kumi na manane. Unataka uje usimuliwe?"

Maduhu akarudi, akaketi, akaweka kidevu kwenye mashine ya leza bila kuambiwa. Salvina akamshika kisogo kwa mikono miwili, kwa upendo, na pia kwa sababu alimjua mumewe.