Tukizima Hakibaki Kitu

...andika chochote tu, Baba, alisema Winfrida, tuone kama kibodi inakubali, huu mfumo mpya bado uko kwenye flashi, hatujauweka ndani ya kompyuta, unaujaribu tu, tukizima hakibaki kitu, na Mzee Paulo akaandika kwa vidole viwili, Morogoro, kisha tarehe, kisha mwaka, binti yake akacheka, "Jamani Baba, hata majaribio unaweka tarehe? Unamwandikia Mkuu wa Mkoa?", akaenda jikoni kutazama maharage, hakibaki kitu, maneno gani hayo, kwake yeye kila kitu hubaki, Bruda pale misheni alimchapa fimbo sita kwa kuandika jina la mtu nusu, na tangu siku ile, miaka thelathini na minne ya kushika rejista, hakukosea jina la mtu, wala hakumwacha mtu akosee, hata Yuliana, mkewe, mama yake Winfrida, wodini, kitanda cha dirishani, milima yote imemezwa na ukungu na macho yake yamekwisha kufifia, akamshika mkono, akasema, "Kaka Thobias, umekuja kunichukua?", kwa sauti ya kisichana, na uso ukamng'aa kama ambavyo haukuwa umeng'aa tangu Kwaresima, naye akamjibu, Mungu wangu, akamjibu kama anayesahihisha daftari, Mimi ni Paulo, Thobias alifariki mwaka elfu mbili na tisa, tulimzika Mkuyuni... na Yuliana akamlilia kaka yake upya, msiba mzima, peke yake, mpaka pumzi ikamwishia, hakusema tena... "Baba! Inaandika?", "Inaandika", "Basi tuuweke moja kwa moja? Ila wa zamani utafutika wote!", "Ngoja kwanza, mama", na vidole vilikuwa vimekwisha kwenda kwenye kibodi, Ndiyo, dada, nimekuja kukuchukua, vaa viatu, nyumbani wanakungoja, ni mimi kaka yako, Thobias, uongo mtupu, chini ya tarehe ya kweli, ungemgharimu nini siku ile, na miezi saba sasa tangu Winfrida ashuke kwenye basi akiwa na kanga ya msiba mabegani, akauliza, mama alisema nini mwisho, Baba, naye akasema, hakusema kitu, alilala kwa amani, akamwangalia mtoto akilishika neno hilo kama sadaka... ndala zinaburuzwa sasa koridoni, kitufe cha kuzima hiki hapa, kidole chake kiko juu yake, kubonyeza tu, ataliona neno Thobias, atauliza, kwa nini Mjomba Thobias, ataulizia kila kitu, atalia, pengine hatarudi Jumapili, pengine hatarudi kabisa, ndala zimefika mlangoni, "Haya, nionyeshe ulivyomwandikia Mkuu wako", na mzee akaondoa kidole, akasogeza kiti pembeni ili asikikinge kioo.